Je, Wajua? Televisheni ilivyotoka darasani ikafuata mizimu

Je, wajua kuwa TLC, chaneli inayojulikana leo kwa harusi, mivutano ya familia na watu wanaodai kuzungumza na wafu, ilizaliwa iwe darasa? Mizizi yake ni ya mwaka 1972. Idara ya afya, elimu na ustawi ya Marekani ilishirikiana na shirika la anga za juu, NASA, kutafuta namna ya kuwafikishia elimu watu wa milima ya Appalachia, eneo maskini ambako shule zilikuwa zimetawanyika na walimu wengi hawakupata mafunzo ya kutosha. Satelaiti iliyobeba masomo hayo, ATS-6, ilirushwa mwaka 1974. Mwaka uliofuata ilisogezwa hadi juu ya ikweta, longitudo 35 mashariki, yaani juu ya magharibi mwa Kenya. Kutoka huko angani ikawa inarusha vipindi vya kilimo, afya na uzazi wa mpango kwa vijiji takriban 2,400 vya India kwa muda wa mwaka mmoja. Wakati ule kulikuwa na watu walioamini kwa dhati kwamba televisheni ingefika mahali ambapo mwalimu hafiki.

Kisha kampuni ya Discovery ikainunua TLC mwaka 1991. Mwaka 2009 ikaja Toddlers & Tiaras, mashindano ya urembo ya watoto wadogo waliopakwa rangi usoni. Mwaka 2011 ikaja Long Island Medium, ya mmoja wa hao wanaodai kuzungumza na wafu.

Wajua kuwa A&E ilipoanza mwaka 1984, ile herufi ya kwanza ya jina lake ilisimamia sanaa? Mwaka 2007 ilikuwa ikionyesha Paranormal State, wanafunzi wa chuo kikuu wakisaka pepo majumbani mwa watu. Travel Channel, iliyokuwa ya safari, imeegemea mizimu kwa sehemu kubwa ya ratiba yake tangu 2018. History, iliyoanza Januari 1, 1995 ikisimulia vita na wafalme, imewapa viumbe wa sayari nyingine usiku baada ya usiku. Na kwa kuwa chaneli kadhaa za jamii hii zimetufikia kwa DStv, yaliyoamuliwa New York na Maryland yamekaa nasi sebuleni Dar es Salaam na Nairobi, yakitazamwa na watoto wetu kwa imani kwamba kila kinachoitwa makala ya historia au ya wanyama ni kweli.

Malalamiko yenyewe ni ya zamani. Mei 9, 1961, Newton Minow, mkuu wa tume ya mawasiliano ya Marekani chini ya Rais Kennedy, alisimama mbele ya wenye vituo vya televisheni na kuwaambia kuwa kazi yao ni jangwa kubwa. Je, wajua walivyomjibu? Mtayarishaji wa Gilligan's Island, kichekesho kilichoanza mwaka 1964, aliiita boti iliyovunjika S.S. Minnow ili kumkejeli.

Kwa nini mizimu, basi? Sababu iko kwenye daftari la hesabu. Tamthilia huhitaji waandishi, waigizaji, mandhari ya kujengwa na miezi ya kazi. Kusaka mizimu huhitaji nyumba kuukuu, kamera chache za infraredi na watu wanne watakaoshtuka gizani. Migomo nayo ikasukuma. Waandishi wa Marekani walipogoma miezi mitano mwaka 1988, vituo vilikuwa na njaa ya vipindi visivyohitaji mwandishi, na Machi 1989 Fox ikaanza Cops, kamera ikiwafuata polisi mitaani. Waandishi wakagoma tena kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, siku 100. Vipindi vya bei nafuu vilivyoingia kuziba pengo havikutoka mgomo ulipoisha.

Je, wajua kuwa waanzilishi wawili wa Ghost Hunters, kipindi kilichoanza Oktoba 2004 na kuigwa kila mahali, walikuwa mafundi bomba? Jason Hawes na Grant Wilson walifanya kazi kwenye kampuni ya Roto-Rooter huko Rhode Island. Hilo halikuwa aibu hata kidogo. Fundi bomba anajua kwa nini ukuta unagonga usiku, na katika vipindi vya mwanzo walikuwa tayari kusema kuwa kelele ile ni bomba tu. Waigaji waliofuata wengi hawakuwa na subira hiyo, maana bomba halimzuii mtazamaji kubadilisha chaneli.

Kile kifaa cha wasaka mizimu chenye taa zinazowaka "mzimu ukikaribia" hupima uga wa sumakuumeme. Waya wa ukutani unatosha kukiwasha, na simu ya mpiga picha pia. Ile miviringo ya nuru kwenye picha ni vumbi linaloakisi mwanga wa kamera.

Lakini sikia kisa cha Vic Tandy, kwa sababu hiki kinastahili saa nzima ya televisheni na ni nadra kukiona. Tandy alikuwa mhandisi Mwingereza. Maabara aliyofanyia kazi ilisemekana ina mzimu. Usiku mmoja, akiwa peke yake, alitokwa jasho la baridi, akahisi anatazamwa, na pembeni mwa jicho akaona umbo la kijivu. Alipoligeukia likatoweka. Kesho yake alileta upanga wake wa mchezo ili aurekebishe kwa ajili ya mashindano. Alipoubana kwenye jiliwa, ncha yake ikaanza kutikisika yenyewe. Mtu mwingine angekimbia. Yeye akaanza kupima, akagundua kuwa feni mpya ya kutolea hewa ilikuwa inatoa mawimbi ya sauti ya mitetemo takriban 19 kwa sekunde, chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu husikia. Feni iliposhughulikiwa, ile hofu ya mle ndani ikaondoka nayo. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1998. Hofu yake ilikuwa ya kweli, mwili wake haukumdanganya, na maelezo yake ni ya ajabu kuliko mzimu wenyewe.

Uingereza walikuwa na msako wao wa mizimu, Most Haunted, tangu 2002. Mwaka 2005 mwanasaikolojia wa kipindi hicho, Ciarán O'Keeffe, alilieleza gazeti la Daily Mirror jinsi alivyobuni mlinzi wa jela ambaye hakuwahi kuishi, akampa jina Kreed Kafer, kisha akahakikisha jina hilo linamfikia Derek Acorah, mganga wa kipindi. Kamera zilipowashwa, Acorah akapandwa na "roho" ya Kreed Kafer. Herufi za jina hilo ukizipanga upya zinamtaja Derek kuwa mlaghai. Acorah alikanusha kudanganya. Mwaka huohuo Ofcom, msimamizi wa utangazaji, iliamua kuwa kipindi hakikuvunja kanuni kwa kuwa ni burudani, si uchunguzi halali. Ni uamuzi unaonisumbua hadi leo: kanuni zilimwacha mtazamaji ajitambulie mwenyewe kuwa vipimo na wataalamu anaowaona ni pambo.

Tofauti na hapo, BBC ilipotisha taifa zima usiku wa Oktoba 31, 1992 kwa Ghostwatch, ilikuwa tamthilia iliyoandikwa na Stephen Volk na kurekodiwa mapema, ila ikavishwa sura ya matangazo ya moja kwa moja chini ya Michael Parkinson, mtangazaji aliyeaminiwa mno. Watu wapatao milioni 11 waliitazama. Malalamiko yalimiminika, na BBC haikuirudia.

Je, wajua kuwa ile maiti ya "kiumbe wa angani" iliyopasuliwa kwenye Fox mwaka 1995 ilijazwa ubongo wa kondoo na matumbo ya kuku? Ray Santilli, aliyeuza filamu hiyo, alikiri mwaka 2006 kuwa ilitengenezwa, akashikilia kuwa ni nakala ya filamu halisi iliyoharibika.

Sasa Ancient Aliens ya History. Imekuwa hewani kama mfululizo tangu Aprili 2010, na wazo lake ni la kitabu cha Erich von Däniken cha mwaka 1968: kwamba watu wa kale walisaidiwa na wageni kutoka angani. Hapa sitaki kuwa mpole. Mafundi wanaonyang'anywa kazi yao ni, mara nyingi mno, watu wa Afrika, wa Asia na wenyeji asilia wa Amerika. Afrika tunaijua dhuluma hii. Gertrude Caton-Thompson alichimba Great Zimbabwe na mwaka 1929 akatangaza kuwa ni kazi ya Waafrika, lakini walowezi waliendelea kuwataja Wafoinike na Malkia wa Sheba kwa miongo kadhaa.

Na piramidi? Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, Mfaransa Pierre Tallet na wenzake walipata mafunjo ya zaidi ya miaka 4,500, ya kale kuliko mengine yote yenye maandishi yanayojulikana. Miongoni mwake kuna kumbukumbu za kazi za mtu aitwaye Merer, aliyeongoza kikosi cha mabaharia kusafirisha mawe ya chokaa kutoka Tura hadi Giza kwa ajili ya piramidi ya Farao Khufu. Ameandika safari zake, siku kwa siku. Tuna jina la msimamizi, njia aliyopita na mzigo aliobeba.

Je, wajua kuwa serikali ya Marekani ililazimika kutoa tamko kuhusu watu wa baharini wenye mikia ya samaki? Mei 2012 Animal Planet ilionyesha Mermaids: The Body Found, ikitumia waigizaji kama wanasayansi na ilani fupi mno. Barua zikaenda kwa idara ya bahari, NOAA, nayo ikaeleza kuwa hakuna ushahidi wowote wa viumbe hao. Chaneli ikajibu kwa kutoa toleo la pili mwaka 2013, likapata watazamaji milioni 3.6, rekodi yake wakati huo.

Wakati huohuo nguva halisi, mnyama anayenyonyesha na kula nyasi za baharini, anatoweka kwenye maji yetu ya Rufiji, Mafia na Kilwa, akifia nyavuni. Desemba 2022 IUCN iliorodhesha nguva wa Afrika Mashariki kuwa hatarini kabisa kutoweka: wakubwa waliobaki ni chini ya 250 katika pwani nzima. Sijui mtoto gani wa Animal Planet aliambiwa hivyo.

Agosti 2013 Discovery ikafuata mkondo na Megalodon, ikidai papa mkubwa aliyekwisha kutoweka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita bado yupo. Watazamaji milioni 4.8. Na samaki aliyerudi kweli kutoka kaburini yupo Tanga! Silikanti alidhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria, hadi Marjorie Courtenay-Latimer alipomtambua mmoja kwenye shehena ya wavuvi wa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamewanasa kadhaa kwenye majarife ya papa, na mwaka 2009 Tanzania ikatenga hifadhi ya bahari kwa ajili yao.

Januari 2015 bosi mpya wa Discovery, Rich Ross, alisema hadharani kuwa makala za kubuni hazitakuwa na nafasi tena. Finding Bigfoot ya Animal Planet iliendelea hadi 2018, na kwa miaka yote saba Bigfoot hakupatikana.

Wanaosema watazamaji hawataki ukweli waulizwe kuhusu Life on Earth ya BBC, mwaka 1979. Inakadiriwa imetazamwa na watu milioni 500 duniani. Sehemu inayokumbukwa kuliko zote ilipigwa Rwanda: David Attenborough alikwenda kueleza jinsi kidole gumba kinavyofanya kazi, gorila wa milimani wakamzunguka, na watoto wao wakamkalia na kucheza na viatu vyake. Hakuna aliyeipanga. Miaka ile gorila wa Virunga walikuwa wamebaki kama 250. Kufikia 2018 gorila wa milimani wote, wa Rwanda, Uganda na Kongo, walikuwa wamevuka 1,000.