Altezza ya bei poa: pitisha sumaku kwanza

Korosho zikishalipwa, vijana wa Mtwara huanza kutuuliza kuhusu Toyota Altezza. Gari tamu, hatubishi, ila zilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, na zilizolala karibu na bahari, Mikindani au Msimbati, huliwa na chumvi kuanzia chini. Rangi mpya isikudanganye. Funga sumaku ndogo kwa kitambaa, ipitishe kwenye bati la juu ya matairi na chini ya milango (sketi za plastiki hazihesabiki). Isiponata, huenda kutu imezibwa kwa puti. Inua mazulia, kisha fundi wako, si wa muuzaji, achungulie uvunguni. Injini iliyochoka hubadilishwa. Bodi iliyooza itamaliza korosho za msimu ujao. Namba ya chesisi ilingane na kadi, na umiliki uhakikiwe TRA kabla hujalipa.