Junior Johnson: Gongo, Gari na Ufundi

Milimani, katika Kaunti ya Wilkes, jimbo la North Carolina nchini Marekani, mahindi yaliyogeuzwa gongo yalimlipa mkulima kuliko mahindi yaliyopelekwa sokoni kwenye magunia. Robert Glenn Johnson, aliyejulikana zaidi kwa jina la Junior, alizaliwa huko mwaka 1931 katika familia iliyoishi kwa biashara hiyo; baba yake alikaa gerezani karibu miaka 20 kwa vipindi mbalimbali. Kijana alianza kusafirisha gongo usiku kabla hajafikia utu uzima, kisha akaja kushinda mbio 50 za ngazi ya juu za NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani. Wasimuliaji wengi hudai kwamba woga wa kukamatwa ndio uliomfundisha kukimbiza gari. Madai hayo yana utamu wake, ila yanaficha mwalimu mkubwa zaidi, yaani ufundi.

Marufuku ya pombe iliyoanza mwaka 1920 ilifutwa mwaka 1933, lakini msako uliendelea kwa sababu serikali ilidai ushuru ambao wapikaji wa milimani hawakuulipa. Msafirishaji alihitaji gari lisilomtia askari shaka. Kwa nje lilikuwa gari la mtu yeyote, mara nyingi Ford ya mwaka 1940. Ndani mlikuwa na injini ya V8 iliyoongezwa nguvu, na nyuma springi ngumu ili gari lisikae chini kwa uzito wa mzigo. Baada ya NASCAR kuanzishwa mwaka 1948, mbio zake kuu zilijengwa juu ya magari ya aina ileile inayouzwa kwa wananchi. Aliyekwisha kujua namna ya kutoa kwenye gari la kawaida nguvu zisizo za kawaida alifika uwanjani akiwa na nusu ya kazi mkononi.

Ushahidi mmoja wa ufundi huo ni mbio za Daytona 500 za mwaka 1960. Chevrolet ya Johnson ilizidiwa kasi na magari ya Pontiac, lakini katika mazoezi aligundua kwamba akiligandia kwa nyuma gari lenye kasi zaidi, hewa iliyokwisha kupasuliwa na gari la mbele humpunguzia upinzani, naye huenda kwa kasi ambayo injini yake peke yake haiwezi kutoa. Alishinda kwa akili hiyo, na leo hakuna dereva wa mbio hizo asiyeitumia. Ushahidi wa pili una uzito zaidi. Baada ya kuacha usukani mwaka 1966 alibaki mmiliki wa timu, na magari yake yakatwaa ubingwa mara 6: mara 3 kwa dereva Cale Yarborough, mwaka 1976 hadi 1978, na mara 3 kwa Darrell Waltrip, mwaka 1981, 1982 na 1985. Kama siri ingekuwa moyo wa mtoro, ingestaafu pamoja na dereva.

Yupo atakayesema kwamba hoja hii inausafisha uhalifu. Gongo iliyopitishwa kwenye rejeta kuukuu za magari ilibeba sumu ya madini ya risasi, na mbio za usiku zilihatarisha wapita njia. Ni kweli, na Johnson naye alilipa: mwaka 1956 alikamatwa kwa miguu kwenye mtambo wa baba yake, akatumikia miezi 11 katika gereza la Chillicothe, Ohio. Barabarani askari hawakumpata kamwe. Mwingine atakumbusha kwamba mchezo huu haukuzaliwa na gongo peke yake, kwani mwanzilishi wa NASCAR, Bill France, alikuwa fundi mwenye kituo cha mafuta Daytona Beach. Pingamizi hilo linaiongezea nguvu hoja yenyewe, maana France na Johnson, waliotoka pande mbili za sheria, walikutana kwenye boneti iliyo wazi.

Rais Ronald Reagan alimsamehe Johnson mwaka 1986. Mwaka 2010 Johnson alikuwa miongoni mwa watu 5 wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa NASCAR mjini Charlotte. Waandaaji wa ukumbi huo walipotaka kuonyesha asili ya mchezo huo, walimwomba mtambo wa kupikia gongo. Mzee wa karibu miaka 80 akaja, akauunga mwenyewe.