Moto Lazima Utoe Ushahidi: Jinsi Tanuru la Gesi Linavyojua Kwamba Limewaka

Kama una ndugu anayeishi Minneapolis au Toronto, muulize kitu kimoja: mwezi wa Januari, ukipandisha joto kwenye themostati ya ukutani, tanuru la gesi la kupashia nyumba joto linachukua muda gani kuwaka? Atakwambia si papo hapo. Kwanza unasikia feni inavuma kule chini. Kisha unapita muda ambao huoni linalofanyika. Halafu vali inalia "tik", na ndipo mvumo wa moto unaanza. Karibu dakika nzima inaweza kupita. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, wewe unatetemeka, na mashine inajivuta tu. Inangoja nini?

Ndani ya tanuru kuna kisanduku kidogo, kidhibiti cha uwashaji. Wengi wetu tungedhani kazi yake ni kuwasha moto. Kuwasha ni sehemu rahisi. Hata kiberiti kinaweza. Kazi yake ngumu ni kukataa kutoa gesi mpaka ipatikane hakika kwamba gesi hiyo inaungua. Leo tuone hakika hiyo inapatikanaje, na kwa nini fundi anayefunga kidhibiti kipya hutumia muda mwingi kuilinda.

Hesabu ya gesi isiyowaka

Chukua tanuru la nyumba ya kawaida lenye nguvu ya kilowati 23 hivi. Gesi asilia, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, ina nishati ya takriban megajuli 38 kwa kila mita ya ujazo. Ukigawanya, unapata kwamba kichomeo kinakula gesi lita 0.6 hivi kila sekunde.

Sasa tuseme vali imefunguka lakini moto haukuwaka. Methani hulipuka ikiwa imechanganyika na hewa kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 15. Chini ya hapo gesi ni kidogo mno, juu ya hapo hewa haitoshi. Katika sekunde 5 zinatoka lita 3 za gesi, ambazo zinaweza kutengeneza lita 60 za mchanganyiko unaoweza kulipuka. Hayo ni madumu matatu ya maji. Likiwaka hilo utashtuka, lakini tanuru limeundwa kulihimili. Vali ikibaki wazi saa nzima, zimetoka mita za ujazo 2.2 za gesi, na hizo zinatosha kujaza mchanganyiko wa hatari katika chumba cha mita 4 kwa 4 hadi darini. Hapo cheche ya swichi ya friji tu inamaliza habari.

Kwa hiyo swali zima ni la sekunde: tangu moto ukosekane, vali inachukua muda gani kufunga?

Njia ya zamani: kuupima moto kwa joto

Kwa miaka mingi matanuru yalikuwa na kimwali kidogo kinachowaka usiku na mchana, kiangazi na baridi, kikisubiri kuwasha kichomeo kikubwa. Ndani ya kimwali hicho iliwekwa themokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa kwenye ncha. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba ukipasha moto kiungo cha metali mbili tofauti, huku upande wa pili ukiwa baridi, kunatokea athari ya umeme. Themokapo ya tanuru inatoa milivolti 30 hivi. Ni kidogo sana, lakini inatosha kuipa nguvu sumaku ndogo inayoshikilia vali iwe wazi.

Zingatia neno "kushikilia". Umeme huo hauwezi kuivuta vali ifunguke, unaweza tu kuizuia isifunge. Ndiyo maana ukiwasha oveni ya gesi yenye kifaa hiki unaambiwa ukandamize kitufe kwa sekunde kadhaa. Kidole chako kinafungua vali, themokapo inapata joto, na ukiachia, sumaku inapokea zamu.

Ni ubunifu mzuri, hauhitaji hata umeme wa ukutani. Tatizo lake ni kwamba chuma kikishapata joto hakipoi mara moja. Moto ukizimika, themokapo inaendelea kusema "upo, upo" kwa nusu dakika au zaidi. Kwa kimwali kidogo si neno. Kwa kichomeo cha kilowati 23, nusu dakika ni lita 18 za gesi. Isitoshe, kimwali cha kudumu kinakula gesi mwaka mzima bila kumpasha mtu joto. Ikabidi itafutwe njia ya haraka zaidi.

Kumbe moto unapitisha umeme

Gesi inapoungua, baadhi ya molekuli zinapoteza elektroni na kuwa ioni zenye chaji chanya. Kwa hiyo ndani ya mwali kuna elektroni na ioni zinazozurura, na penye chaji huru umeme unaweza kupita. Matanuru ya kisasa yanatumia hilo. Kijiti cha chuma kilichoshikiliwa na kauri kinaingizwa ndani ya mwali. Kidhibiti kinakipa umeme wa AC, mara nyingi volti 80 hadi 120, na upande wa pili wa njia ni kichomeo chenyewe kilichounganishwa na waya wa ethi.

Moto ukiwepo, mkondo unapita. Moto ukizimika, ioni zinatoweka papo hapo na mkondo unakatika. Hakuna chuma cha kungojewa kipoe. Kidhibiti kinaweza kufunga vali ndani ya sekunde moja au mbili.

Lakini ngoja. Vipi kama kauri imepasuka, au unyevu na masizi vimejenga njia ya umeme kati ya kijiti na kichomeo? Mkondo utapita bila moto, na mashine itadanganyika. Hapa ndipo penye akili yenyewe.

Elektroni ni nyepesi mno, ioni ni nzito maelfu ya mara zaidi. Fikiria elektroni ni bodaboda na ioni ni malori. Bodaboda inapenya popote. Lori linataka yadi kubwa. Umeme wa AC unageuka mara 60 kwa sekunde huko Marekani. Kichomeo kinapokuwa upande hasi, malori yanaelekea kwake, na kwa kuwa kichomeo kina eneo kubwa, yanapokelewa mengi: mkondo ni mkubwa. Kijiti kinapokuwa upande hasi, malori yanaelekea kwenye kijiti chembamba, na yanayopata nafasi ni machache: mkondo ni mdogo. Matokeo yake, mkondo unaokwenda upande mmoja unauzidi ule wa kurudi. Uliingiza AC, sasa una DC kidogo juu yake. Moto umefanya kazi ya dayodi!

Unyevu na masizi haviwezi kuiga hilo, kwa sababu vinapitisha umeme sawasawa pande zote mbili. Waya ukigusa bati, hali ni hiyohiyo. Kidhibiti kinatafuta ile tofauti ya DC tu, na njia hizo za uongo hazinayo. Likitokea kosa, jibu ni "hakuna moto", na vali inafungwa. Hitilafu inaiangusha mashine upande wa usalama.

DC hiyo ni ndogo kiasi gani? Kwa kawaida kati ya maikroampia 1 na 6. Chaja ya simu ikitoa ampia 2, basi ishara ya moto ni ndogo mara milioni moja hivi. Kumbuka namba hiyo, maana ndiyo inayomsumbua fundi.

Dakika ile moja ilikwenda wapi?

Sasa tunaweza kuielewa ile subira ya Januari. Themostati ikiomba joto, hatua zinakwenda hivi:

1. Kidhibiti kinahakikisha hakuna ishara ya moto wakati huu. Ikiwepo kabla gesi haijafunguliwa, kuna kitu kibovu, na hakiendelei.
2. Feni ya kutolea moshi inaanza. Swichi ya mgandamizo wa hewa inathibitisha kwamba hewa inapita kweli, si kwamba feni inazunguka tu.
3. Feni inafukuza gesi yoyote iliyobaki tangu safari iliyopita.
4. Kiwashio kinapata joto. Kwenye matanuru mengi ni kipande cha kabaidi ya silikoni au nitraidi ya silikoni kinachong'aa kwa zaidi ya nyuzi 1,000. Methani inahitaji 540 hivi ili kuwaka.
5. Vali inafunguka, na saa inaanza kuhesabu. Kwa sekunde chache tu, kijiti lazima kione moto.
6. Ukionekana, mambo poa. Usipoonekana, vali inafungwa, hewa inasafishwa, na jaribio linarudiwa. Baada ya majaribio machache, tatu hivi, tanuru linajifungia na kukataa kazi.

Kufunga kidhibiti kipya

Kazi hii si ya kujifunzia nyumbani. Ontario inataka fundi mwenye cheti cha gesi, na Uingereza, tangu 2009, anatakiwa awe kwenye rejista ya Gas Safe. Lakini inafaa ujue fundi anafanya nini, na kwa nini.

Kwanza anazima umeme na gesi, na kupiga picha nyaya zilivyo kabla hajagusa. Kisha anahakikisha kidhibiti kipya kinalingana na tanuru: aina ya kiwashio, muda wa kusafisha hewa, sekunde za kujaribu, na aina ya gesi. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kutawanyika. Gesi ya mitungi, propani au butani, ni nzito mara moja na nusu hadi mbili ya hewa. Inatambaa sakafuni na kutuama, na inaweza kulipuka ikiwa asilimia 2 tu. Kidhibiti cha kurudia majaribio bila kikomo hakifai hapo kabisa.

Halafu nyaya. Waya wa moto ukibadilishana nafasi na nyutro, feni itazunguka na kiwashio kitang'aa kama kawaida, lakini kwenye vidhibiti vingi ishara ya moto haitasomeka. Vivyo hivyo waya wa ethi wa kichomeo ukilegea au ukishika kutu. Dalili ni ileile: moto unawaka vizuri, unakaa sekunde chache, unazimika. Mwenye nyumba anasema "kidhibiti kibovu", kumbe kinafanya kazi yake.

Kijiti lazima kikae ndani ya mwali bila kugusa kichomeo. Kikifunikwa na utando wa vumbi lililoungua, zile maikroampia zinashuka hadi hazisomeki. Kinasafishwa taratibu kwa nyuzi za chuma kama zile za kusugulia sufuria. Kiwashio chenyewe hakishikwi kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi yanaweza kuacha sehemu inayopata joto kupita kiasi na kupasuka.

Mwisho ni majaribio. Viungo vya bomba vinapakwa povu la sabuni, kamwe si kumulikwa kwa kiberiti. Mita inaunganishwa kwenye waya wa kijiti kusoma maikroampia na kulinganisha na karatasi ya mtengenezaji. Kisha linakuja jaribio ambalo fundi mvivu huliruka: tanuru likiwa linawaka, anafunga gesi kwa mkono. Vali lazima isikike ikifunga, kidhibiti kijaribu tena, na hatimaye kijifungie. Tanuru lililoonyesha kwamba linawaka limejaribiwa nusu tu. Lazima lionyeshe pia kwamba linajua kukataa.

Na huku kwetu?

Dar es Salaam au Mombasa hakuna anayehitaji tanuru la nyumba. Ila hita ya gesi ya kupashia maji ya kuoga, ile inayotumia betri mbili kubwa na kulia "tatatata" ukifungua bomba, kwa kawaida ina vijiti viwili: kimoja cha cheche, kingine cha kuona moto. Ikiwaka na kuzimika baada ya sekunde chache, sababu mara nyingi ni kijiti kichafu au waya uliolegea. Akitokea mtu akakuambia "tuunge moja kwa moja, tukiruke hicho kifaa", mkatalie. Anakuondolea kitu pekee kinachoifunga gesi wakati wewe una sabuni machoni.

Na kuna jambo moja ambalo kijiti hicho hakiwezi kuona. Kinathibitisha kwamba moto upo, hakithibitishi kwamba moto unapata hewa ya kutosha. Moto unaokosa hewa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu huku maji ya moto yakiendelea kutiririka vizuri tu. Kwa hiyo hita ya aina hiyo isifungwe ndani ya bafu. Ikae nje penye hewa, au iwe na bomba la kupeleka moshi nje. Mwali ukiacha kuwa wa buluu na kuwa wa njano, zima, fungua madirisha, mwite fundi.