Apple: Viwanda vya Wengine, Faida Yake

Mwenye kununua hisa za kampuni ya Apple ya Marekani hununua pia, apende asipende, kipande cha njia ndefu inayoanzia katika viwanda vya watu wengine huko Asia. Simu zake hubuniwa Cupertino, jimbo la California, kisha kazi ya kuziunganisha hupewa makandarasi. Mkubwa wa makandarasi hao ni Foxconn ya Taiwan, iliyoanzishwa na Bw. Terry Gou mwaka 1974. Hayo yanajulikana. Lisiloangaliwa sana na wanunuzi wadogo wa hisa ni kwamba mtu aliyeijenga njia hiyo ndiye baadaye aliyekabidhiwa kampuni nzima aiongoze. Kwa hiyo faida ya Apple na hatari zake zimeandikwa katika daftari moja.

Viwanda vya nyumbani vyafungwa

Apple haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1984 ilifungua kiwanda cha kisasa mjini Fremont, California, kwa ajili ya kompyuta za Macintosh. Mauzo hayakufikia kiasi kilichotarajiwa na mwaka 1992 kiwanda kikafungwa. Kingine, cha Fountain katika jimbo la Colorado, kiliuzwa mwaka 1996 kwa SCI, kampuni iliyokuwa ikiunganisha kompyuta kwa niaba ya wenye majina makubwa.

Miaka hiyo uongozi nao uliyumba. Bw. John Sculley aliacha uongozi mwaka 1993, Bw. Michael Spindler akafuata mwaka 1996, na Bw. Gil Amelio akaondolewa Julai 1997. Mwaka wa fedha wa 1997 uliishia kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni moja. Mwanzilishi Bw. Steve Jobs, ambaye alikuwa ameondoka mwaka 1985, alirudi kuiongoza kampuni iliyokuwa karibu kuzama.

Machi 1998 Bw. Jobs alimwajiri Bw. Tim Cook kutoka Compaq, kampuni iliyokuwa kinara wa kuuza kompyuta wakati huo. Bw. Cook hakuwa mbunifu wala mwandishi wa programu. Alisomea uhandisi wa viwanda katika Chuo Kikuu cha Auburn, akafanya kazi IBM miaka 12, na ujuzi wake ulikuwa wa kuhakikisha bidhaa inafika inakotakiwa kwa wakati na kwa gharama ndogo.

Kilichotokea ndani ya mwaka mmoja ndicho kinachostahili kukaririwa na kila mwenye duka. Mwisho wa mwaka wa fedha wa 1997 Apple ilikuwa na mali ya dola milioni 437 ghalani. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa na dola milioni 78 tu. Bw. Cook aliona mali iliyolala ghalani ni uovu mtupu, na alikuwa akisema biashara ya kompyuta iendeshwe kama ya maziwa: yakipitisha tarehe yake, umepata hasara. Alipunguza wauzaji wakuu wa vipuri kutoka 100 hadi 24, akafunga maghala na kuwasogeza wauzaji waliobaki karibu na mahali pa kuunganishia. Kiwanda cha mwisho kikubwa cha Apple nchini Marekani, cha Elk Grove, California, kiliacha kuunganisha kompyuta mwaka 2004.

Kwa nini mpango huu unalipa

Wapo wanaodhani Apple ilikwenda China kufuata mishahara midogo tu. Mishahara ilichangia, lakini hiyo ni nusu ya maelezo. Tofauti kubwa iko katika mzunguko wa fedha. Mteja hulipa fedha taslimu dukani, ilhali mwuza vipuri hulipwa baada ya wiki kadhaa. Ndiyo kusema Apple hufanya biashara kwa fedha za wauzaji wake, jambo ambalo mfanyabiashara wa kawaida huliota tu.

Isitoshe, pale inapolazimu, Apple hutanguliza fedha. Novemba 2005 ilitangaza kulipa mapema jumla ya dola bilioni 1.25 kwa kampuni tano za kutengeneza vihifadhi kumbukumbu, zikiwamo Samsung na Toshiba, ili ijihakikishie shehena hadi mwaka 2010. Washindani waliotaka mali hiyo hiyo walikuta foleni imekwisha kukaliwa. Vivyo hivyo hununua mitambo maalumu na kuiweka ndani ya viwanda vya makandarasi. Jengo ni la mkandarasi na wafanyakazi ni wake, lakini mashine inayochonga kasha la simu huwa ni ya Apple.

Sababu nyingine ni mafundi. Mwaka 2017 Bw. Cook alieleza mjini Guangzhou kwamba ukiwaita wahandisi wa kalibu nchini Marekani huenda usijaze chumba kimoja, ilhali China wangejaza viwanja kadhaa vya mpira. Maneno hayo yana ushahidi. Apple ilipoanza kuunganisha kompyuta ya Mac Pro mjini Austin, Texas, mwaka 2013, kazi ilikwama kwa sababu ya skrubu: karakana iliyopewa kazi ya kuzichonga iliweza kutoa zisizozidi 1,000 kwa siku. Gazeti la New York Times lilipoifichua habari hiyo mwaka 2019, ilieleweka kwamba tatizo lilikuwa zaidi ya ujira. Jirani wa kukuletea skrubu milioni moja kesho asubuhi hakuwepo.

Bosi anatoka upande wa ugavi

Agosti 2011 Bw. Jobs, akiwa mgonjwa sana, alijiuzulu na bodi ikamteua Bw. Cook. Wako waliosema wakati huo kwamba kampuni ya ubunifu imekabidhiwa kwa mtunza ghala. Soko lilijibu baada ya miaka. Thamani ya hisa zote za Apple, iliyokuwa karibu dola bilioni 350, ilivuka dola trilioni moja Agosti 2018, na Januari 2022 iligusa trilioni tatu. Katika mwaka wa fedha wa 1997 faida ghafi ilikuwa takriban asilimia 19 ya mauzo. Katika mwaka wa fedha wa 2024 ilizidi asilimia 46. Sehemu ya ongezeko hilo imetokana na huduma kama duka la programu, lakini simu ndiyo iliyobaki mhimili.

Lawama nazo zilikuwepo, na si haki kuziruka. Mwaka 2010 wafanyakazi zaidi ya kumi wa Foxconn mjini Shenzhen walijiua, na dunia ikaanza kuuliza ni nani anayelipia wepesi huo wa kuleta bidhaa. Apple ilizidisha ukaguzi wa makandarasi wake. Utegemezi wenyewe haukupungua. Mwaka huo huo Foxconn ilianza kazi mjini Zhengzhou, mahali palipokuja kuitwa mji wa iPhone.

Mara nne soko lilipotikiswa

Mwekezaji mdogo anafundishwa zaidi na siku mbaya kuliko nzuri. Tuchukue nne.

Januari 2, 2019 Bw. Cook aliwaandikia wenye hisa kwamba mauzo ya robo mwaka yangekuwa dola bilioni 84, wakati makadirio yalikuwa bilioni 89 hadi 93. Alitaja kudorora kwa soko la China. Kesho yake hisa zilishuka kwa karibu asilimia 10 na kufunga kwenye dola 142. Aliyeuza siku hiyo kwa hofu aliishuhudia ikifunga mwaka kwenye dola 293.

Februari 2020 Apple ilitangaza kwamba isingefikia makadirio kwa sababu ya ugonjwa wa korona uliofunga viwanda na maduka ya China. Hisa zilishuka siku iliyofuata kwa chini ya asilimia mbili. Novemba 2022, baada ya wafanyakazi kukimbia kiwanda cha Zhengzhou wakihofia karantini, kampuni ilionya tena kwamba simu zingechelewa. Siku ya kwanza ya soko bei haikutikisika, ingawa mauzo ya robo hiyo yalishuka kwa asilimia 5.

Aprili 2025 mambo yalikuwa tofauti. Rais Donald Trump alipotangaza ushuru mpya wa forodha tarehe 2, hisa za Apple zilianguka zaidi ya asilimia 20 katika siku nne za soko. Ushuru kwa bidhaa za China ulipandishwa hadi asilimia 145, kisha Aprili 11 simu na kompyuta zikaondolewa katika sehemu kubwa ya ushuru huo. Hata hivyo, robo mwaka ya Aprili hadi Juni iliigharimu Apple takriban dola milioni 800 za ushuru.

Ukizipanga siku hizo nne, unaona soko linavyopima. Shehena ikichelewa, wanunuzi wa hisa huvumilia, kwa sababu mteja wa iPhone wanaamini atasubiri. (Mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye kontena lililokwama hana bahati hiyo, mteja wake huvuka barabara.) Mteja mwenyewe akipungua, au serikali ikiingiza mkono katika faida ya kila simu, bei huanguka. Aliyetazama moshi wa kiwandani tu alikosea mara mbili: aliuza pasipo sababu, kisha akashikilia alipopaswa kuogopa.

India, Vietnam na Ikulu ya Marekani

Apple ilianza kuunganisha iPhone India mwaka 2017 kupitia Wistron, ambayo kiwanda chake kilinunuliwa baadaye na Tata. Mei 2025 Bw. Cook alisema simu nyingi zitakazouzwa Marekani katika robo ile zingetoka India, na karibu iPad, Mac na saa zote zingetoka Vietnam. Wiki mbili baadaye Bw. Trump alisema hadharani kwamba hapendi Apple ijenge India, kisha akatishia ushuru wa asilimia 25 kwa simu zisizotengenezwa Marekani. Agosti 2025 Apple iliahidi kutumia jumla ya dola bilioni 600 nchini Marekani kwa miaka minne. Kwa maoni ya ukurasa huu, sehemu ya fedha hizo ni gharama ya kununua utulivu, na mwenye hisa aihesabu hivyo.

Julai 2025 ilitangazwa kwamba Bw. Jeff Williams angempisha Bw. Sabih Khan, mzaliwa wa India aliyejiunga na Apple mwaka 1995 katika idara ya ununuzi, katika nafasi ya ofisa mkuu wa uendeshaji. Hicho ndicho kiti alichokalia Bw. Cook kabla ya kuwa bosi.

Wachunguzi wengi huishia kwenye kuunganisha simu. Mzigo mzito zaidi uko Taiwan, ambako TSMC hutengeneza vichakato vikuu vya simu na kompyuta za Apple. Uunganishaji unaweza kuhamishwa kwa miaka michache. Kiwanda cha vichakato vya kisasa hakihamishiki hivyo, hata baada ya TSMC kuanza kazi Arizona.

Anayetaka kufuatilia asome taarifa ya mwaka, hasa maeneo mawili. La kwanza ni ahadi za manunuzi kwa wenye viwanda, ambazo mwisho wa mwaka wa fedha wa 2024 zilikuwa karibu dola bilioni 53: fedha ambazo Apple imekwisha kujifunga kuzilipa hata mauzo yakilegea. La pili ni sentensi inayotaja mahali makandarasi walipo. Mwaka 2022 ilisema hasa Asia, kwa jumla. Tangu taarifa ya mwaka 2023 inazitaja nchi kwa majina: China, India, Japani, Korea Kusini, Taiwan na Vietnam.