Pishi la bibi kwenye simu tano

Familia zetu nyingi, kuanzia Maskati na Dubai mpaka London, mapishi ya nyumba yamo ndani ya WhatsApp. Bibi katuma sauti ya dakika nne kueleza mkate wa kumimina, wajukuu wameisikiliza, halafu simu ikabadilishwa na sauti imekwenda nayo. Ramadhani ikikaribia, tunaanza upya: "Jamani, nani anayo ile ya bibi?"

Zipo programu za kuhifadhi mapishi, na mojawapo inayojulikana sana ni Paprika. Unafungua akaunti moja, kisha kila kifaa kikiingia kwa akaunti hiyo, mapishi ni yale yale: simu ya mama, tableti ya jikoni, kompyuta ya mtoto aliyeko chuoni. Intaneti ikikatika bado unasoma, kwa sababu nakala inakaa ndani ya kifaa chenyewe. Hulipi kila mwezi, unanunua mara moja, lakini kila aina ya mashine inanunuliwa peke yake. Ya iPhone inafanya kazi kwenye iPad, kwenye Android au Windows haifanyi. Hesabuni kwanza nyumbani kuna vifaa gani.

Linalotia wasiwasi zaidi ni hiyo akaunti ya pamoja. Kila aliyeingia ana uwezo sawa. Mke wa mjukuu kaona sukari nyingi, kapunguza kwenye simu yake huko Birmingham, basi na kwa bibi Maskati imepungua. Akifuta, imefutika kote. (Msione dogo hilo, watu hununiana Idi nzima kwa ajili ya tui la kopo.) Pishi la bibi liachwe lilivyo. Anayetaka lake aandike jipya na alipe jina: "Mkate wa kumimina, sukari kidogo, wa Birmingham." Na mtu mmoja apewe kazi ya kutoa nakala kila baada ya muda na kuiweka nje ya programu. Paprika inakubali kuyatoa mapishi kama kurasa za HTML, zinazofunguka kwenye kompyuta yoyote na kuchapishika.

Sasa vipimo, na hapa ndipo penye kazi. Umeandika vya watu 6, wanakuja 18, unagusa tu na vikombe 2 vinakuwa 6. Lakini programu inazidisha namba zilizomo kwenye orodha ya vitu. "Hamira kiasi" haina cha kuzidishwa. Na ukiandika katikati ya maelezo "mimina tui vikombe viwili", vitabaki viwili hata waje wageni hamsini.

Halafu kikombe cha bibi si kikombe cha dukani. Pengine ni bilauri ya chai, pengine kopo la maziwa. Mfuate jikoni na mizani. Yeye apime kwa mkono wake kama alivyozoea, nawe upime kabla hakijamwagwa: mchele wa kuroweka, tui, sukari, hamira. Andika gramu, na chini yake andika maneno yake mwenyewe, maana gramu hazikwambii mchele uliosagwa ufure kiasi gani ndipo utiwe ute wa yai. Kila pishi linapokea picha, basi piga hapo ulipofura, bakuli likiwa bado mbele yake. Mkate ulioiva kila mtu anaujua sura yake.