Gari lililofungwa vifaa likizima ghafla, anza na kilichoongezwa

Jumamosi jioni, mama anarudi Dar es Salaam kutoka Kibaha, watoto wawili wakiwa kiti cha nyuma. Wakikaribia Kibamba gari linakohoa mara mbili, tatu, kisha linazima. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, injini kimya. Lori lililo nyuma linapiga honi.

Hapo ugonjwa wa gari unasubiri, roho za watu kwanza. Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Breki ikanyagwe kwa nguvu na kushikiliwa, si kupigwapigwa. Ufunguo usichomolewe, kwani usukani unaweza kujifunga. Gari likishatulia pembeni, taa za hadhari ziwashwe, watoto washukie mlango wa kushoto na kusimama mbali na barabara, na pembetatu iwekwe nyuma. Kumsubiri fundi ndani ya gari lililokwama barabara kuu ni hatari kuliko jua na vumbi la nje.

Fundi anafika kwa bodaboda. Hagusi spana. Anauliza: “Dada, gari hili limefungwa nini ambacho halikuja nacho?”

Ni swali la daktari anayetaka kujua mgonjwa amekwisha kunywa dawa gani kabla ya kumwandikia kipimo. Gari hutoka kiwandani waya zake zikiwa zimepangwa kubeba mzigo fulani. Likifika kwetu linafungwa alamu, redio kubwa na spika za kwenye buti, taa za mwanga mkali, pengine mtungi wa gesi. Karibu kila kifaa hicho kimechuna waya mahali. Waya uliosokotwa kwa mkono na kufunikwa utepe mweusi unaweza kufanya kazi hata mwaka, huku joto la injini na mashimo ya barabarani vikiulegeza polepole. Siku unapoachia, mwenye gari anasema limezima ghafla.

Swali la pili: limezimaje? Gari la petroli likikata mara moja, kama taa iliyozimwa, fundi huanza na umeme: rilei kuu, waya wa athi, sensa inayosoma mzunguko wa injini. Likikohoa na kupoteza nguvu kwanza, hufuata mafuta. Si kanuni isiyovunjika, lakini inaokoa saa nzima ya kufungua vitu ovyo.

La mama lilikohoa. Fundi anamwomba azungushe ufunguo bila kupiga stata, yeye akitega sikio karibu na tenki. Katika magari mengi ya aina hii, pampu huvuma kama sekunde mbili hivi. Hapa haivumi. Stata inazungusha kwa nguvu, kwa hiyo betri haina kesi. (Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6, na injini ikiunguruma kipimo hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5 kwa magari mengi. Wapenzi wa muziki mkubwa wapime huku spika zinapiga.) Fyuzi ya pampu ni nzima, rilei nayo inafanya kazi, lakini umeme haufiki kwenye pampu.

Fundi mwingine angekimbilia mashine ya kompyuta. Mashine inasaidia, ila husomwa vibaya. Msimbo P0335, kwa mfano, unalalamikia njia ya umeme ya sensa ya mzunguko wa injini, na wengi hununua sensa mpya kumbe waya ndio umekatika. Tena kompyuta ya gari haina habari na kilichofungwa baadaye gereji.

Kwa magari ya gesi asilia, yanayozidi kuonekana Dar es Salaam, kipimo cha kwanza ni kurudisha swichi kwenye petroli. Likiwaka na kutulia, tafuta upande wa gesi: vali, chujio, kipunguza presha. Lakini kuna kosa la kubana matumizi: tenki la petroli kuachwa karibu tupu kwa miezi. Pampu iliyomo ndani ya tenki hupoozwa na petroli hiyohiyo. Ikikauka inaungua, na siku gesi inapoisha njiani, gari halina pa kurudi.

Kuna mawili ya kukataza papo hapo. Stata ikizungusha kwa wepesi usio wa kawaida, acha kupiga. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kwa baadhi ya injini kuendelea ni kupinda vali. Na asiwepo wa kunyonya petroli kwa mpira na mdomo, hata fundi mwenyewe. Tone likipitia njia ya hewa huumiza mapafu. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali.

Kibamba, mama anampigia mumewe. “Baba Neema, gari umelifunga nini?” Kimya kidogo. Ndipo anakiri: swichi ya siri ya kukata umeme wa pampu, nyuma ya kiti cha dereva chini ya zulia, aliyoifunga kwa hofu ya wezi. Hakumwambia mkewe ili siri ibaki siri. Mtoto mdogo, aliyekuwa akichezesha miguu tangu Kibaha, ameikanyaga.

Swichi inarudishwa, pampu inavuma, gari linawaka. Fundi anashauri vyote vilivyofungwa viandikwe, na orodha isikae ndani ya gari, maana mwizi naye anajua kusoma. Ikae nyumbani na kwenye simu ya kila anayeshika usukani. Jumatatu swichi inahamishwa hadi mguu wa mtoto usikofika, safari hii mama akiwa amesimama hapo anatazama.