Uti wa mshale: Kwa nini unyofu pekee hautoshi

MNUNUZI wa miti ya mikoko kisiwani Lamu haombi mti tu. Huomba fito, pau, mazio, boriti au nguzo, kwa kuwa kila jina lina unene wake na kazi yake. Fito haiwezi kubeba dari, nayo boriti haifai kufumia ukuta wa udongo. Mti waweza kuwa mnyofu na mgumu, lakini usipokuwa wa kipimo kinachotakiwa, fundi hana haja nao.

Kanuni hiyo ndiyo inayotawala uti wa mshale, ambao Waswahili wa zamani waliuita wano. Mishale ya kaboni inauzwa leo kwa bei zinazopishana sana, na wengi hudhani kuwa wa ghali zaidi ndio bora kwa kila uta. Sivyo. Uti bora ni ule unaolingana na uta unaoutupa, unaofanana na wenzake walio katika podo, na ambao mwenyewe huukagua kila mara kabla ya kuutumia.

Uta si jambo geni katika sehemu hizi. Masimulizi ya Fumo Liyongo yanaeleza jinsi maadui zake walivyomwekea hila apande mkoma ili auawe akiwa juu, naye akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Bara, mkabala wa visiwa, Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, waliishi kwa uwindaji na kwa asali ya msituni muda mrefu kabla ya kuwapo mipaka ya hifadhi.

Hata hivyo, mnunuzi wa Kenya lazima ajue jambo moja mapema. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza hata uwindaji wa kutafuta kitoweo. Kwa hivyo, mishale ya kaboni nchini ni ya shabaha. Anayetaka kuwinda kwa uta hufanya hivyo kwa kibali katika nchi zinazoruhusu, kama vile Namibia, Afrika Kusini au Marekani. Uingereza nayo imekataza.

Mshale hupinda

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hakuna mshale unaoondoka utani ukiwa mnyofu. Upote unapousukuma kwa nyuma, uzito wa kigumba mbele hukataa kuondoka upesi, na uti hupinda katikati. Kisha hujirudi, ukapinda upande wa pili, na kuendelea kuyumba hivyo kama samaki anayeogelea hadi utulie hewani.

Kuyumba huko si kasoro. Katika uta wa jadi, ambao mshale hupita ubavuni mwake, ndiko kunakouwezesha uti kuuzunguka mpini wa uta bila kuugonga. Lakini lazima kuwe kwa kiasi. Uti laini mno hupinda kupita kiasi, na ulio mgumu mno hukataa kupinda. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia anayetumia uta wa jadi, mshale mlaini mno huelekea kulia na mgumu mno huelekea kushoto.

Ndiyo maana kila uti wa kaboni huandikwa nambari ya ugumu. Kipimo chake ni rahisi. Uti huwekwa juu ya vishikizo viwili vilivyoachana kwa inchi 28, yaani sentimita 71 hivi, kisha katikati huning'inizwa uzito wa gramu 880. Ukibonyea nusu inchi, au milimita 12.7, huitwa 500. Ukibonyea inchi 0.340, huitwa 340. Kwa hivyo, nambari ndogo ni uti mgumu, na nambari kubwa ni uti laini. Wengi hukosea hapa kwa kudhani kinyume chake.

Uta wa kisasa wenye kapi, unaovutwa kwa nguvu ya kilo 27, kwa kawaida huhitaji uti wa 400 au 340. Uta mwepesi wa shabaha wa kilo 18 huhitaji uti laini zaidi, wa kati ya 500 na 700. Urefu na kigumba navyo hubadili hesabu. Uti mrefu huwa laini kuliko mfupi wa nambari hiyo hiyo, na kigumba kizito huuongezea ulaini. Watengenezaji hutoa majedwali ya kulinganisha nguvu ya uta na urefu wa mshale, na ni busara kuanza na jedwali hilo kabla ya kutazama bei.

Unyofu na ulinganifu

Baada ya ugumu, tangazo la dukani hutaja unyofu. Uti wa daraja la juu huahidiwa kutopotoka zaidi ya inchi 0.001, wa kati 0.003, na wa bei nafuu 0.006. Inchi 0.003 ni kama milimita 0.076, unene wa unywele mmoja wa binadamu. Mpigaji bingwa anayelenga umbali wa mita 70 aweza kuiona tofauti hiyo. Anayeanza, ambaye mkono wake bado hautulii, hataiona, na fedha zake zingefaa zaidi kununulia mishale mingi ya daraja la kati.

Linalomdhuru zaidi ni mishale isiyofanana. Mishale sita yenye uzito mmoja na ugumu mmoja, hata kama si minyofu kupindukia, itaangukia mahali pamoja na mpigaji atarekebisha lengo lake. Mishale sita inayotofautiana humwacha bila kujua kama kosa ni lake au ni la chombo. Kwa sababu hiyo, inafaa kununua mishale ya seti moja na kuipima kwenye mizani ndogo kama ile ya sonara. Sokoni uzito hutajwa kwa greini, na gramu moja ni greini 15.4 hivi.

Mbao, alumini au kaboni

Kila mali ya kutengenezea mshale ina tabia yake. Mbao hupatikana kwa urahisi na hurekebishika, lakini hunywa unyevu, na katika hewa ya visiwani mshale wa mti ulionyooka leo waweza kujipinda baada ya wiki chache. Mafundi wa jadi walilijua hilo. Wahadzabe wa Tanzania hadi leo huupasha uti moto na kuunyoosha kwa meno na mikono, wakiutazama kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho.

Alumini hunyooka barabara na haisumbuliwi na unyevu kama mti. Kasoro yake ni kwamba hupinda ikigonga kitu kigumu na kubaki imepinda mpaka inyooshwe.

Kaboni hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba zinazogandishwa kwa gundi maalumu. Ni nyepesi, hujirudi upesi, na haina hali ya kati: ama ni nyofu, ama imevunjika. Chumvi ya bahari haiiozeshi. Lakini vigumba vya chuma hushika kutu haraka, na gundi inayovishika hulainika kwa joto kali. Mishale isiachwe juani ndani ya mashua au chini ya bati.

Sifa hiyo ya kutopinda ndiyo pia hatari yake. Uti wa kaboni uliopata ufa huweza kuonekana mzima. Ukitupwa, hupasuka upoteni na vipande vyake kuingia mkononi mwa mpigaji. Kwa hivyo, kila mshale uliogonga jiwe, mti au mshale mwenzake ukaguliwe. Ushikwe ncha zote mbili mbali na uso, ukunjwe polepole huku ukisikilizwa, kisha uzungushwe robo na kukunjwa tena hadi uishe mzunguko. Ukilia au ukilegea mahali pamoja, uvunjwe na kutupwa. Kipande cha pamba kikipitishwa juu yake hunasa kwenye ufa ambao jicho halikuuona.

Tahadhari mbili zaidi zahusu urefu na uzito. Uti mfupi mno huweza kuanguka kutoka kilalio chake ukivutwa, na ukatupwa kwenye mkono unaoshika uta. Anayeanza aache angalau sentimita mbili na nusu zaidi mbele ya kilalio. Mshale mwepesi mno nao huuachia uta mshtuko ambao ungechukuliwa na mshale, na uta huweza kupasuka. Wengi hufuata kiwango cha chini cha greini tano kwa kila ratili ya nguvu ya uta. Uta wa ratili 60, ambazo ni kilo 27, usitupe mshale wa chini ya greini 300, yaani gramu 19 hivi.

Sumu na makali

Kwa mwindaji, hesabu huongezeka. Mshale wa kuwindia huwa mzito, mara nyingi kati ya gramu 26 na 32, kwa kuwa kazi yake ni kupenya na kukata. Mnyama hufa kwa kuvuja damu, na mshale usiopenya humwacha na jeraha la kumtesa kwa siku nyingi. Kwa sababu hiyo Namibia huweka kiwango cha chini cha nguvu ya mshale kulingana na ukubwa wa mnyama. Aidha, uti wa kaboni ukivunjika ndani ya mnyama, nyama iliyouzunguka hutupwa, maana nyuzi zake hazifai kuliwa.

Wawindaji wa jadi wa Afrika Mashariki walilitatua tatizo hilo kwa njia nyingine. Walipaka vigumba sumu ya mchungu, mti ambao pia huitwa msunguti, ambayo husimamisha moyo. Mshale wao haukuhitaji kukata sana, bali kuifikisha sumu damuni. Na katika mishale mingi ya namna hiyo, sehemu ya mbele huchomoka na kubaki mwilini, huku uti ukianguka chini. Mwindaji aliuokota, akautia ncha mpya na kuutumia tena. Uti ulidumu kwa sababu ulitengenezwa uachane na hatari mapema.

Ujuzi huo wa kuchagua mti, kuupima kwa jicho na kuulinganisha na nguvu ya uta ni sayansi ile ile iliyomo katika jedwali la mtengenezaji wa kaboni, isipokuwa haukuandikwa. Miongoni mwa Waboni uko hatarini. Hifadhi za Boni na Dodori zilitangazwa mwaka 1976, na marufuku ya uwindaji ikafuata mwaka mmoja baadaye. Operesheni ya usalama iliyoanza katika msitu wa Boni mwaka 2015 iliwafungia wengi hata njia za kuendea asali. Kijana wa Basuba au Mangai hana sababu ya kisheria ya kujifunza alichokijua babu yake.

Wanyama wa Lamu wanahitaji ulinzi, na sheria ina sababu zake. Lakini sheria inakataza kuwinda. Haikatazi kulenga shabaha uwanjani. Mkenya Shehzana Anwar alishindana kwa uta katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, na ndiye aliyebeba bendera ya taifa siku ya ufunguzi. Tamasha la utamaduni la Lamu limezoea mashindano ya mashua, ya punda na ya bao. Uwanja wa shabaha kando ya michezo hiyo ungempa mzee wa Kiboni mahali pa kuonyesha, bila kuvunja sheria, jinsi ya kutambua uti mwema kwa kuukunja tu mkononi.